Kipande cha Chini cha Barua

Jumatano, tarehe 11 Februari 1976, nilisoma barua nzima kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, Bi. Pilling, alikuwa ametuagiza tuje na karatasi yoyote kutoka nyumbani. Nilichukua barua iliyokaa nyuma ya saa ya mezani tangu Juni 1974. Ilitoka Calderbeck, shule anakosoma binti yangu Gillian.

"Polepole, Doreen," alisema. "Barua haina miguu, haitakukimbia."

Nikasoma huku kidole kikifuata maneno. Gillian amefanya vizuri. Septemba atahamia jengo la kilimani. Mzazi asiyekubali atie sahihi kipande cha chini, akikate, akirudishe.

Kipande cha chini hakikuwapo. Nilikuwa nimekikata kwa mkasi, tena kwa unadhifu.

Kila barua ya shule huja na kipande cha kutia sahihi: safari, chanjo, michezo. Nilivitia sahihi vyote, maana wakati huo jina langu ndilo neno pekee nililojua kuandika, na mzazi anayerudisha kipande haulizwi maswali.

Calderbeck zamani ilikuwa shule mbili. Ya kilimani, yenye miaka mia tatu, ilikuwa ya waliofaulu mtihani wanaofanya watoto wakiwa na miaka kumi na mmoja. Ya bondeni ilikuwa yetu sisi tulioshindwa. Mwaka 1971 ziliunganishwa, zikapewa jina moja na sare moja. Lakini hadi leo wa kilimani hufanya mtihani mkubwa unaofungua milango ya vyuo, na wa bondeni hufanya mdogo.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Ormerod, mkuu wa kidato cha tano, anachosoma Gillian. Alitoa bahasha yenye vipande kumi na viwili. Changu kilikuwa cha tatu.

"Ulikataa mwenyewe, Bi. Entwistle. Sahihi si yako?"

"Ni yangu. Hamkushangaa?"

"Kusema kweli, hapana. Watu wa bondeni hawapendi watoto wao wapande huku. Tukaona tusiwaudhi."

Nilitazama majina mengine. La juu lilikuwa la jirani yangu Mavis Clegg, ambaye kila nikimwona dukani huniambia amesahau miwani nyumbani. Nami humjibu kwamba nimesahau yangu.

"Sikukataa," nilisema. "Sikujua kusoma."

Aliweka kalamu chini. Sikuwahi kumwambia mtu hivyo, hata marehemu mume wangu.

"Majina ya watahiniwa wa mtihani mkubwa yanapelekwa Ijumaa," alisema. "Naweza kumwingiza katika Kiingereza na hesabu tu, akiridhia mwenyewe. Masomo mengine ameyakosa karibu miaka miwili, mama, na hiyo ni mingi."

Gillian aliitwa kutoka somo la upishi, aproni ikiwa bado kiunoni. Nilimweleza yote.

"Kwa hiyo sikuwa mjinga?"

"Hukuwa, mwanangu."

"Miaka miwili nakoroga uji wa keki, mama, nikidhani ndipo akili yangu ilipoishia." Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Na gazeti ulilokuwa ukishika kila Jumapili?"

"Nilikuwa natazama picha."

Alifungua aproni, akaikunja, akaiweka mezani pa Bwana Ormerod. "Niandikishe, mwalimu. Nikianguka, nianguke huko juu." Kisha akatoka bila kunisubiri.

Naandika haya Alhamisi, Bi. Pilling amenisaidia neno kwa neno, akanisahihishia na kunitolea nakala. Majina kumi na moja yangali katika bahasha ile, na Ijumaa ni kesho. Ukimaliza kusoma, ipeleke karatasi hii mlango unaofuata hapa bondeni, na ukiona mwenye nyumba anaigeuzageuza bila kusema lolote, keti umsomee.