Taa ya Gari la Kulala

Jumamosi jioni, baada ya kumwagilia mchicha na kumfukuza mbuzi wa jirani, Mzee Mwinshehe wa Gungu alifungua milango ya gari lake la kulala ili lipate hewa kabla mafundi hawajafika. Lilikuwa Hiace kuukuu aliyoachiwa na watalii aliokuwa akiwaendesha, yenye kitanda, sinki, jiko la gesi na mapazia ya maua. Kwa miaka mingi alimwahidi bintiye Wema kwamba wangesafiri wakilala humo hadi baharini. Hawakuwahi kupita Uvinza.

Wema alifariki akijifungua katika zahanati moja ya ufukweni mwa ziwa, upande wa kusini, umeme ukiwa umekatika. Mtoto naye hakukaa. Tangu arobaini ipite, kila magharibi Wema alikuja na kichanga chake ndani ya kitenge, akaketi garini. Nyumbani hakuingia, alisema miguu yake ina udongo wa makaburini na mama ndiyo kwanza amepiga deki. Shida yake ilikuwa moja.

"Baba, sijamwona sura. Alizaliwa gizani, na huku tulikohamia hakuna taa."

Tochi ya simu hakuitaka, kwa kuwa ndiyo iliyotumika siku ile, ikazima kabla mtoto hajatoka. Umeme wa mtaa nao ulikuwa na tabia ya kukatika saa hizo hizo. Kwa hiyo ikatakiwa sola, na sola inataka fundi.

Wa kwanza, Bonifasi, alipima paa kwa futi, kisha akauliza watawasha nini na nini.

"Taa moja," alijibu mzee.

"Friji?"

"Marehemu hawanywi vya baridi."

Bonifasi akatikisa kichwa kukubali. Betri yake ilikuwa mpya, ndani ya boksi, yenye dhamana. Lakini wakati wa kushuka aliiruka miguu ya Wema, aliyekuwa ameshaketi mlangoni, bila hata salamu, na usaili ukaishia hapo. Mtu anayeruka watu angejuaje kuheshimu nyaya?

Wa pili, Oswald, alivua viatu mlangoni. Alimwamkia mzee, akamgeukia Wema, akamsalimu kwa Kiha, akampa pole ya safari na hongera ya mtoto.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Basi mchumba wangu huyo! Asiolewe na mwingine."

Wema akacheka kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Kazi akapewa Oswald.

Kesho yake paneli ilikuwa juu ya paa na betri chini ya kitanda. Magharibi taa ikawaka. Wema alifunua kitenge, akatazama kwa muda mrefu. Kitenge kilipomteleza akainama kukiokota, akaiona betri. Ilikuwa imeandikwa LEBA kwa rangi nyekundu ya kucha.

"Hii naijua," alisema. "Kila nilipokwenda kliniki niliiona, ukutani kwenye chumba cha kujifungulia. Siku yangu haikuwepo."

Oswald alikuwa akikunja nyaya zilizobaki. "Iliondoka wiki hiyo hiyo, dada. Mwenye funguo za stoo ndiye aliyeniuzia. Sasa mimi ningejuaje kuwa unakuja?"

Mzee Mwinshehe alipiga magoti, akashika waya. Angeichomoa betri, kesho ingerudi kusini. Juu yake, Wema alikuwa akigusa kope za mwanawe.

"Baba, pua ni ya mama kabisa."

Akauachia waya.

Alhamisi Wema alikuja na mgeni, mwanamke mwenye kichanga, nywele zimelowa jasho. "Anatoka leba ile ile, amehamia kwetu juzi," alieleza. "Naye hajamwona wake."

Mzee alisogeza godoro, akamkaribisha. Wiki iliyofuata walikuja wengine, hadi ikabidi mmoja akae juu ya sinki. Mkewe alianza kupika chai ya sufuria kubwa, ingawa ilirudi haijaguswa. Mwanga haukufika kiti cha nyuma. Msichana aliyekaa huko, bado na sketi ya shule, hakulalamika. Alikuwa akiupapasa tu uso wa mtoto wake kwa vidole.

Mzee akampigia Oswald.

"Shikamoo mzee. Wageni hawajambo?"

"Marahaba. Wanaongezeka. Nataka betri nyingine."

"Ipo moja kwenye zahanati huko kaskazini, ila inakuja kwa boti. Nipe mpaka Ijumaa."

Mzee Mwinshehe alishukuru. Kisha akachukua spana, akaenda kukifungua kitanda na kukitoa nje, ili wageni wa kaskazini nao wapate pa kukaa.