Vipima Maji vya Kiwanda cha Rangi

Hivi wewe, umewahi kumkasirikia mtu mpaka bisibisi ikakuteleza mkononi? Basi ndivyo alivyokuwa dada mtu asubuhi ile, amechuchumaa kando ya tangi la mwisho la kiwanda cha rangi za vitambaa, jasho linamtiririka puani, na kila skrubu anaikaza kama anayemkaba mtu koo.

Mtu mwenyewe ni mdogo wake wa kiume, tumbo moja, ziwa moja. Wote wawili mafundi umeme, karakana waliachiwa na baba yao. Siku hiyo walikuja kufunga vipima maji, vile vidude vinavyochovywa kwenye matangi. Kimoja kinapima uchachu, kingine tope, kingine dawa, ili maji ya rangi yasiachiwe kwenda mtoni kabla hayajasafika. Walipofika tu langoni, msimamizi wa maji, mama mmoja wa buti za mpira na sauti ya kengele, akawauliza, "Mkishafunga, nani atabaki hapa kuvitunza? Nataka mtu wa kudumu."

Dada hajameza mate, mdogo wake akadakia: "Mimi hapa, mama!"

 Kazi ile dada mtu alikuwa akiiota tangu siku waliposikia habari zake. Mahali pamoja, kabati lake, funguo zake mwenyewe, na si kubeba ngazi mitaani kwa magoti yale yanayolia kama mlango mbovu.  Lakini badala ya kulisema hilo, alinyakua boksi la vifaa akaenda zake kwenye tangi la mwisho.

Sasa, hawa walikuwa na mtindo wao wa kazi, waliofundishwa na baba. Kabla ya kugusa waya, wanakaa juu ya boksi la vifaa na kugawana namba za vipima kwa mdomo. Maana vipima maji vyote hukaa kwenye waya mmoja uliosokotwa, unatoka kwa hiki unaingia kwa kile kama uzi wa shanga, mpaka kwenye kompyuta chumba cha mitambo. Kompyuta inaita namba. Kipima chenye namba hiyo kinajibu, vingine vinafunga midomo. Siku hiyo hakuna aliyekaa juu ya boksi. Dada alianzia mwisho, ndugu yake akaanzia mlangoni, wakakutana katikati wakaunga waya bila kutazamana, kama mahasimu waliokutana msibani.

Kompyuta ikawashwa. Takataka tupu! Kipimo kinatokea, kinapotea, tarakimu zinaruka kama panzi.

"Umegeuza nyaya, dada," ndugu yake akasema.

"Nani, mimi?"

"Kwani nani mwingine? Wa kijani umeweka pa mweupe."

"Nyaya zangu zimenyooka kuliko meno yako!"

Watia rangi waliokuwa wamekaa tu wakingoja maji yaachiwe wakaangua kicheko. "Mafundi," mmoja akapaza sauti, "mmekuja kupima maji au kupimana nguvu?"

"Matangi yamejaa pomoni," msimamizi akasema, "na siachii hata tone kabla sijayaona kwenye kioo cha kompyuta."

Dada akafungua visanduku vya nyaya zake kimoja kimoja. Kijani pa kijani, mweupe pa mweupe. Akaenda katikati akauchomoa waya pale walipouunga. "Haya, tuone mharibifu ni nani." Vya mdogo wake vikabaki peke yavyo, vikasomeka vizuri kabisa.

"Si nilisema!" ndugu akapiga makofi.

"Subiri." Akavichomoa vya ndugu yake, akaviunga vyake tu. Navyo vikasomeka. Akavirudisha vyote pamoja, panzi wakaanza tena.

Wakatazamana, mara ya kwanza tangu langoni.

"Cha kwanza chako umekipa namba gani?" dada akauliza.

"Moja. Kazi si inaanzia mlangoni?"

"Mimi yangu imeanzia mwisho. Na changu ni moja."

Kumbe! Kompyuta inaita moja, wanaitika wawili kwa pamoja, sauti zinagongana. Na mbili vivyo hivyo, na tatu.

"Basi badilisha vyako," ndugu akasema.

"Kwa nini vyangu?"

"Kwa sababu mimi ndiye ninayebaki navyo hapa."

Dada mtu akakibamiza kifuniko cha boksi hata watia rangi wakageuka. "Nani kakwambia unabaki? Nani? Unadakia tu kama kuku aliyeona punje! Hata kunigeukia hukunigeukia!"

"Mama kauliza, nikajibu. Wewe mdomo uliuacha nyumbani?"

"Ulipaswa kujua!"

"Nijue nini? Tangu asubuhi umevimba kama chura, boksi umenipokonya, nimeazima bisibisi kwa mlinzi! Mimi si mganga, dada, sioni yaliyo tumboni mwa mtu. Unataka nini? Sema!"

Neno lake la siku zote, sitaki kitu, lilishamfika ulimini. Hakulitamka, akalitema chini pamoja na mate. Akampa mgongo mdogo wake, akamkabili msimamizi.

"Mama, kazi ya kuvitunza hivi vipima maji naitaka mimi. Naitaka sana."