Msonge wa Kokwijuka

Jumatatu moja ya mwaka 1936, Kokwijuka wa Nshamba alikuwa anamenya ndizi mlangoni pa msonge wake, nyumba ya nyasi ya mviringo, wakati karani Burhani alipofika kutoka Bukoba mjini na vibarua sita. Alisoma amri: nyumba zote za nyasi zilizo karibu na barabara zibomolewe kwa sababu ya papasi, wale kupe waletao homa, na mahali pake zijengwe za pembe nne, za mabati.

"Papasi wangu wako wapi?" Kokwijuka aliuliza.

"Bibi, mimi nimetumwa tu."

Makarani na maneno yao! Nyumba hiyo Kokwijuka aliiezeka na marehemu mumewe, Rugemalira, yeye akimpa mumewe kila tita la nyasi kwa mkono wake, na alitaka kufia humo. Alilia mbele ya watu bila kujificha. Kufikia saa sita, nguzo, fito na nyasi vilikuwa rundo kando ya migomba. Mabati hayakuletwa, wala hakuna aliyesema yataletwa lini.

Saa nane mvua ilinyesha. Ilinyesha kwenye migomba, kwenye mibuni na kwenye rundo lile, lakini pale uliposimama msonge haikuanguka. Maji yaliteremka hewani kwa mviringo, yakachuruzika pembezoni, kwenye mfereji wake ule ule. Kokwijuka alifuta machozi, akatandaza nyasi mbichi sakafuni, akabandika chungu. Moshi ulipanda, ukajikusanya juu, ukatokea kileleni.

Jirani yake Klaudia alipita na mtungi, akatazama. "Rugemalira alikuwa fundi, jamani," akasema, akaendelea kwenda kisimani.

Alhamisi Burhani alirudi kukagua, amelowa chapachapa.

"Bibi, mbona nyumba bado ipo?"

"Si mmeibomoa wenyewe?"

Kokwijuka alikuwa na kikapu cha kahawa ya kutafuna, lakini hakumpa. Mgeni hupewa kahawa akiwa ndani; aliye uani hapewi, hata awe na kofia ya serikali. "Ingia kwanza," alisema. Burhani aliinama penye mlango, akaingia, akaketi, akatafuna punje mbili. Kisha akafungua daftari akaandika: *Nyumba hakuna.* Karatasi haikulowa.

"Inayofuata ni ya nani?" Kokwijuka aliuliza.

"Ya Klaudia. Jumatatu."

Klaudia alipoambiwa alikuja mbio. "Yangu aliiezeka baba mkwe. Mimi sijui hata ilianzia wapi. Itakwenda kweli!"

"Yangu imebaki kwa sababu naijua fundo kwa fundo," Kokwijuka alimwambia. "Twende tuijue na yako."

Walishinda siku tatu ndani ya nyumba ya Klaudia, juu ya ngazi, wakigusa fundo moja moja na kulitaja. Jumapili waliiacha kazi kwa ajili ya misa tu. Kufikia jioni shingo ziliwauma, na wanawake wengine wanne walikuwa wanangoja zamu ya nyumba zao.

Jumatatu vibarua waliibomoa nyumba ya Klaudia kama walivyoagizwa. Mabati hayakuwapo siku hiyo pia. Mvua ilikuja saa tisa, ikamlowesha Burhani barabarani na baiskeli yake, ikafika kwa Klaudia. Upande wa mashariki, ambako Klaudia aliruka mafundo mawili bila kuyataja, palivuja kidogo. Aliweka sufuria pale, akawaita watoto waje kula.