Ndege Ambayo Ndolo Hakuitilia Sahihi

Kwa miezi saba nilikaa Tseikuru nikichunguza ufugaji wa mbuzi, na katika miezi hiyo yote sikutambua kwamba kivuli cha pale mnadani hakisogei. Nilikaa ndani yake kila siku ya soko, nikaandika rangi na umri wa mifugo, nikanywa chai. Jua lilihama, kivuli kikabaki palepale. Mtu aliyesomeshwa kutazama alipaswa kuinua macho. Mimi sikuyainua mpaka Billow, mfanyabiashara wa mifugo, aliponiambia kwa upole tunaoutumia kwa wagonjwa, "Mwalimu, hiyo ni ndege."

Ilikuwa ndege kweli, ya injini moja na viti sita, imesimama hewani kimo cha minara miwili ya maji. Ilikuwa hapo tangu Septemba 1984. Niliyoyaandika hapa niliyapata kwa Billow na kwa wengine waliokuwapo, na hawakutofautiana.

Fundi wa ndege hiyo aliitwa Ndolo, mtu wa mji mdogo wa Kabati. Kila bolti aliyoikaza kwa mkono wake aliitia nukta ya rangi nyekundu, na hakutia sahihi kwenye fomu ya kuruka mpaka nukta ya mwisho iwe imekauka. Kila Ijumaa alidandia lori la mbuzi akarudi kwa mkewe, Nzilani, na binti zao wanne. Kabla ya kula alikagua bawaba za mlango, vigoda, vipini vya sufuria na ndara za watoto, ambazo alizishona kwa waya wa ndege. Kilichomridhisha kilipata nukta.

"Baba Kasyoka," Nzilani alimwambia, "nyumba hii imeshikwa na surua."

Hata hivyo hakuna binti wa Ndolo aliyewahi kuanguka kutoka kwenye kigoda.

Mwaka huo wa ukame iliundwa kamati ya kutathmini njaa. Wajumbe wake wanne waliamua kwamba njaa huonekana vizuri zaidi kutoka juu. Walifika Tseikuru na kuku sita wa kukaanga na ramani moja, ambayo waliishika juu chini. Asubuhi ya safari Ndolo alikuta ufa katika silinda ya tatu. Hakutia nukta, hakutia sahihi. Mkurugenzi wa kampuni iliyomiliki ndege, Bwana Ndululu, ambaye hakuwahi kushika spana isipokuwa kwa kupigwa picha, alimwita karani wake, Nzioka. Nzioka akaandika jina la Ndolo kwa mwandiko mzuri kuliko wa Ndolo mwenyewe, ila mstari wa sahihi ukabaki mtupu. Wajumbe wakapanda, mkurugenzi akapanda, rubani akawasha injini, ndege ikaruka.

Juu ya mnada injini ilizima. Ndege haikuanguka. Ilisimama. Baada ya muda dirisha lilifunguliwa na kichwa cha Ndululu kikatokeza.

"Ndolo! Njoo utie sahihi!"

"Nitapanda niitengeneze, Bwana Mkurugenzi. Lakini sahihi ya leo asubuhi siwezi kuitia. Ile silinda sikuipitisha."

"Sahihi kwanza! Unataka watu waseme tuliruka bila fundi?"

"Kwani mliruka na fundi?" Billow aliuliza, na mnada mzima ukacheka.

Siku hiyohiyo Ndolo aliwarushia kamba na kapi, gurudumu la kupitishia kamba, ili washuke. Walikataa. Kushuka kwa kamba, walieleza, kungekuwa kukiri kosa. Kamba waliifunga kwenye kikapu, na kila asubuhi kikapu kiliteremshwa kwa Shamso, muuza maziwa, ambaye ngamia wake mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anakamuliwa. Maziwa yalipanda. Siku ya tano kikapu kilishuka na ripoti ya awali, iliyosema kwamba wananchi wa eneo hilo wana maziwa ya kutosha.

"Wallahi, hawa wanapima njaa au wanainywa?" Shamso aliuliza.

"Wanaipima kwa kuinywa," Billow alijibu.

Siku ya sita ilishuka barua ya Ndululu kwa Ndolo. Asipotia sahihi ya tarehe ya safari kufikia Ijumaa, angepoteza kazi, na leseni yake ya ufundi ingefutwa. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na Kasyoka, binti yake mkubwa, alitarajiwa kuingia kidato cha pili Januari. Nzilani alikuja na lori la mbuzi, akaisoma barua akiwa bado na vumbi la safari.

"Nikitia," Ndolo alisema, "watoto watasoma."

"Jina lako liko pia kwenye cheti chetu cha ndoa, Baba Kasyoka. Ukianza kuliweka kwa vitu ambavyo hujavigusa, hata kile cheti itabidi nikichunguze upya."

Ndolo akacheka, ingawa si sana. Ijumaa ilipofika hakutia sahihi.

Basi Nzioka alipandishwa kwa kikapu na kalamu yake, akamtilia Ndolo sahihi. Kamati iliridhika, ikakubali kushuka. Ndolo aliikagua kamba yote, akatia nukta kwenye kila fundo, na akawateremsha mmoja mmoja kwa mikono yake, taratibu, kwa sababu nao, alisema, wana watoto. Wa mwisho alikuwa Ndululu. Alipokanyaga ardhi alimkabidhi Ndolo barua ya kumfukuza kazi kwa kosa la kutia sahihi ndege mbovu. Mwishoni mwa barua kulikuwa na sahihi ya Ndolo, ikithibitisha kwamba ameipokea na ameikubali.

Ndolo aliisoma mara mbili.

"Mwandiko wako umeendelea, Nzioka," alisema, akapanda lori pamoja na mkewe.

Ripoti kamili ya njaa ilisifiwa Nairobi kwa kuandikwa karibu na wananchi. Ndululu alipandishwa cheo. Ndege haikuteremshwa, kwa kuwa katika maandishi ni nzima, na hakuna anayeweza kuagiza ndege nzima itengenezwe. Ndolo hutengeneza mashine za kusaga mahindi Kabati. Kasyoka alikaa nyumbani miaka miwili.

Baada ya hapo kampuni ilibadilisha fomu ya kuruka. Siku hizi ina mistari miwili: mmoja wa sahihi ya fundi, na mwingine wa sahihi ya yule atakayemtilia fundi sahihi.