Uzio wa Musau

Mvua ilikuwa inapiga bila huruma. Masengo, mlinzi wa bwawa dogo linalonywesha kambi ya reli pale Kamina, aliona maji yanalamba kilele cha ukuta wa udongo, akajua. Musau, mume wa dada yake Lucienne, ameziba tena mfereji wa kupunguzia maji kwa uzio wa matete, anase samaki kama baba zake kule Malemba. Kichwa kigumu kama reli! Akakimbia na panga.

Alimkuta Musau mferejini, ameuegemea uzio.

“Toka! Ukuta ukibomoka, kambi yote inakufa!”

“Maji hii inamwangika bure! Miye nabakisha, bantu banywe!”

Masengo akakata ufito wa kwanza. Musau akamtandika gongo la mdomo. Jino likaruka, damu ikamjaa kinywani. Masengo akamrudishia teke la tumbo, akaendelea kukata. Musau, badala ya kukimbia, akaukumbatia uzio wake kama mtoto. Nyuma yao udongo wa ukuta ukaanza kumegeka.

Masengo akaikata kamba kuu ya uzio.

Uzio ukaenda. Musau akaenda nao, akapondwapondwa juu ya mawe mpaka bondeni.

Ukuta ulisimama. Kesho yake mabomba yote ya kambi yalitoa maji. Lucienne akajaza beseni pomoni, akalitua miguuni pa kaka yake mkubwa, kando ya maiti ya mumewe, na kipande cha sabuni.

“Maji yako njo hii, yaya. Umuoshe weye mwenyewe.”