Mapumziko kwa Mzee Sare

Siku timu ya taifa ilipocheza mechi yake ya kwanza ya mashindano ugenini, fundi makochi aliyeitwa Mzee Sare alikuwa amejifungia karakanani kwake, anang'oa misumari kwenye kochi la mwalimu mkuu. Aliing'oa mmoja mmoja, kwa koleo, bila nyundo, maana hakutakiwa kusikika. Kwa ulivyojua mtaa mzima, Mzee Sare alikuwa ng'ambo.

Jina la Sare alipewa kijiweni, kwenye benchi la mbele ya kibanda cha Kinyozi, kwa sababu ya hesabu zake. Mashindano yakikaribia huinua vidole akaanza: tukitoka sare na hawa, tukatoka sare na wale, halafu wale wakafungwa na hawa, tunapita. Ushindi hakuuingiza kwenye hesabu. Alikuwa shabiki wa miaka mingi, na shabiki wa miaka mingi huijua timu yake kama mtu amjuavyo shemeji mlevi: anampenda, lakini hampi funguo za nyumba. Jambo moja tu aliliamini bila kuhesabu vidole. Aliamini kwamba timu hufungwa ugenini kwa sababu yeye hayupo uwanjani, na hajawahi kuwepo kwa kuwa hajawahi kuvuka mpaka.

Mwaka huo chama cha soka kilitangaza kwamba nafasi moja kwenye ndege ya timu itakuwa ya mwakilishi wa mashabiki. Kijiwe kilimpendekeza, kikampigia debe, na jina likapita. Walimsindikiza kwa nyimbo mpaka kituo cha basi. Alipofika kwenye ngazi ya ndege akaambiwa nafasi yake imeshakaliwa. Aliyeikalia alikuwa shemeji wa mwenyekiti wa chama, amefunga mkanda, na kifuani ana beji yenye picha ya Mzee Sare. Hawakufanana hata kope. Ofisa alimweleza kwa upole kwamba beji ni ya nafasi, si ya mtu.

Alirudi nyumbani kwa kupita vichochoroni, jua la mchana linawaka, kofia ameishusha hadi puani. Mkewe, Mama Mapacha, alimfungulia mlango, akamtazama yeye, akalitazama na sanduku.

"Umerudi?"

"Sijaenda."

"Basi ingia upesi, Kinyozi asikuone. Watu wamekauka koo kwa kukuimbia."

Wakakubaliana, bila kukaa kikao, kwamba amesafiri. Mama Mapacha alipoulizwa sokoni alisema mume wake amefika salama ila huko kuna baridi. Habari hiyo ilizunguka mtaa, na ilipopita tena chini ya dirisha la karakana ilikuwa imenenepa: Mzee Sare amevalishwa koti na waziri wa nchi ile kwa mikono yake mwenyewe. Mzee Sare aliisikiliza akiwa amechuchumaa nyuma ya sponji, na ukweli ni kwamba ilimfurahisha.

Mechi ya kwanza aliisikiliza redioni, sauti ameipunguza hadi mtangazaji akawa kama anamsengenya mtu. Kipindi cha kwanza kiliisha timu ikiwa nyuma kwa bao moja. Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipogongwa. Mlango huo kwa kawaida ulifungukia ukuta wa jirani, na kati yake na ukuta palitosha pipa la maji na paka. Mzee Sare alifungua akamkuta kipa wa timu ya taifa, glavu mikononi, jasho linamchuruzika. Nyuma yake palikuwa na ukumbi mrefu wa vigae vyeupe, na wachezaji wengine wamepanga foleni kwa adabu. Mwisho wa ukumbi ulisikika umati wa watu.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba pa kukaa, dakika kumi na tano tu."

"Marahaba. Piteni, piteni."

"Njumu mlangoni!" Mama Mapacha alisema kutoka jikoni. Hakuwa amewaona, ila alisikia miguu.

Wakavua njumu, wakaketi. Viti havikukosekana, maana kazi ya mwenyeji wao ilikuwa viti. Kipa alijilaza kwenye kochi la mwalimu mkuu, mabeki wakajibana kwenye kiti kirefu cha daktari wa meno, na mshambuliaji akakaa kwenye stuli isiyo na kitambaa, springi zinamchoma naye hasemi. Mama Mapacha aliwapa maji. Kocha alichukua chaki ya kuchorea vitambaa akachora mpango wake kwenye mgongo wa kabati.

"Kwani huko hamkupewa chumba?" Mzee Sare aliuliza.

"Tulipewa," alisema Kapteni, mtu mpole mwenye bandeji gotini. "Msafara wa viongozi wamo. Wanapata chakula cha mchana. Mikoba ya wake zao imetundikwa kwenye vibanio vyetu. Tukabisha hodi, wakasema tusubiri wamalize. Tukaona mlango mwingine, tukabisha huo."

Mzee Sare akatikisa kichwa, akawaletea sponji za kuwekea miguu. Dakika kumi na tano zilipotimia walivaa njumu, wakashukuru, wakaondoka. Kipindi cha pili mtangazaji alisema vijana wameingia wakiwa wepesi, sijui wamepewa nini. Wakasawazisha. Mzee Sare alikunja kidole kimoja.

Mechi ya pili walikuja bila kuuliza njia. Safari hii alikuwa amewapangia makochi kwa namba, mabeki nyuma, viungo katikati, na Mama Mapacha alikuwa ametandika turubai ili wasipoteze muda kuvua na kuvaa. Wakatoka sare tena. Shida ikawa wateja. Mwalimu mkuu alikuja kuulizia kochi lake, akaambiwa fundi yuko ng'ambo, akasema basi na alete kochi jipya kutoka huko. Usiku, yaani saa ya kulala watu wazima, Mzee Sare alisugua alama za nyasi kwenye kitambaa kwa sabuni ya unga. Hazikutoka zote.

Mechi ya tatu Kinyozi ndiye aliyegundua. Alikuwa amekuja kuazima betri za redio, akasikia sauti za wanaume, akasukuma mlango wa mbele. Akamwona Mzee Sare amesimama kati ya wachezaji, vidole juu, anawaeleza jinsi sare ya tatu itakavyowavusha iwapo tu wale wengine watafungwa.

"Kumbe umerudi," alisema Kinyozi.

"Sijaenda."

Kinyozi alitafakari. Kisha akawaamkia wageni mmoja mmoja, akamkazia macho mshambuliaji. "Wewe kijana, mpira utauonaje na hizo nywele usoni?" Akatoa mkasi mfukoni akampunguzia pale pale, akampangusa shingo. Ndipo akamgeukia rafiki yake kwa uchungu. "Yaani siku zote hizi unao humu ndani, na sisi tumekaa pale nje tunasikiliza redio inayokohoa. Haya ndiyo mambo ya kufanyiana?"

Mzee Sare alishusha vidole. Kapteni, akifunga kamba za njumu, alimhurumia. "Twende basi, mzee. Hata kama ni kuchungulia."

Mama Mapacha alishika mlango, kwa sababu walishagundua tabia yake: ukiachwa unajifunga wenyewe, na ukijifunga unarudi kuwa ukuta. Mzee Sare akavuka kizingiti. Ukumbi ulikuwa na ubaridi, kwa hiyo mkewe hakuwa amedanganya sokoni. Alipita mlango wa chumba cha wachezaji akasikia vicheko na vijiko. Mwishoni akafika kwa msimamizi mwenye koti la njano, aliyemwuliza beji.

"Mimi ndiye mwakilishi wa mashabiki," alisema Mzee Sare.

Msimamizi alionyesha jukwaani. Kwenye safu ya wageni wa heshima shemeji wa mwenyekiti alikuwa amelala, mdomo wazi, na picha ya Mzee Sare ikipanda na kushuka juu ya tumbo lake.

"Mwakilishi yupo pale," msimamizi alisema. "Wawili haiwezekani."

Alichoona cha uwanja kilikuwa kipande kisichozidi mkeka, kati ya bega la msimamizi na nguzo. Nyasi, mstari mweupe, mguu wa beki ukapita. Kisha akaombwa arudi alikotoka. Aliumia. Aliumia kuliko siku ile ya ngazi ya ndege, maana siku ile hakuwa ameona anachonyimwa. Alipoingia karakanani alimwambia mkewe kwamba nyasi za huko zimekatwa fupi, akajifanya anatafuta sindano, akalia kidogo kwa jicho lililokuwa mbali na Kinyozi.

Wakatoka sare. Wale wengine wakafungwa. Kwa mara ya kwanza tangu nchi ianze kucheza mpira, timu ikaingia robo fainali, na hesabu ya vidole ikaheshimiwa hata na watu wenye kalamu.

Kijiwe sasa kilijua yote, na kilikuwa na hasira. Walimsamehe Mzee Sare kwa kuwaficha, maana aibu ya kuachwa na ndege haikuwa yake. Kinyozi akapiga simu redioni, kipindi cha michezo, akaeleza mbele ya taifa zima: msafara umekalia chumba cha wachezaji, na vijana wanapumzikia kwa fundi makochi. Watu wa kijiweni wakapeana mikono. Walisema sasa wakubwa wataumbuka.

Msemaji wa chama alijibu jioni ile ile, kwa sauti iliyoshiba. Alimshukuru mpigaji simu. Alisema chama kimefarijika kusikia kwamba suala la pa kupumzikia limepatiwa ufumbuzi na wananchi wenyewe. Kwa hiyo chumba cha uwanjani sasa kitakuwa cha msafara moja kwa moja, na msafara utaongezwa watu. Kuhusu mwakilishi wa mashabiki, alisema ni wazi kwamba fundi huyo hawezi kusafiri tena, si safari hii wala mashindano yajayo, kwani anahitajika hapo alipo.

Mtangazaji akasema hilo ni jambo jema, akaweka muziki.

"Wamekumaliza," alisema Kinyozi.

"Robo fainali ina dakika za nyongeza," alisema Mzee Sare. "Huenda wakapumzika zaidi ya mara moja. Makochi haya hayatatosha."

Basi majirani wakaleta viti. Mwalimu mkuu, alipoelezwa, alikubali kochi lake likae hadi mashindano yaishe, akaomba tu akaliwe na Kapteni. Siku ya mechi karakana ilijaa, timu ikaja, ikanywa maji, kocha akachora, kijiwe chote kikasimama ukutani kimetulia. Zilipobaki dakika chache za mapumziko Kapteni alimnong'oneza mwenyeji wake.

"Mzee, yule wa koti la njano leo hayupo. Ameitwa akabebe sahani za msafara. Njia nyeupe."

Alinong'ona, lakini kijiwe kina masikio. Kinyozi alikuwa wa kwanza kuvuka. Wakafuata wengine, wakubwa kwa wadogo, wengine na viti vyao kichwani, na daktari wa meno aliyekuja kuulizia kiti chake akaenda nao. Ukumbi wa vigae ukawameza. Mzee Sare naye alishafika kizingitini, mguu mmoja juu, aliposikia bawaba ikilia nyuma yake. Mlango ulikuwa unajifunga.

Akaurudia, akaushika. Ndani alikuwa amebaki mkewe peke yake, bilauri mkononi.

"Nenda wewe, Mama Mapacha," alisema. "Utaniambia."

"Nenda wewe. Nitaushika mimi."

"Unajua kuhesabu kona? Nenda, nawe hujawahi kufika popote."

Mama Mapacha alimtazama, akavua kanga ya kazini, akaenda. Mzee Sare akakaa chini kizingitini, mgongo umeushikilia mlango, miguu nyumbani. Redio ilikuwa mezani lakini hakuihitaji, maana kelele za uwanja zilimfikia kwa ukumbi kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Alijua bao la wapinzani kabla ya nchi nzima kujua, na la kusawazisha pia. Hakuwa na wa kumwambia. Katika mapumziko ya nyongeza wachezaji walikuja wakalala chali, akawakanda miguu, wakaenda. Ilikuwa sare. Kwenye mikwaju ya penalti walitolewa.

Walirudi wote pamoja, wachezaji na kijiwe, wamefungana mikono mabegani. Kipa alilia kwenye kochi la mwalimu mkuu na hakuna aliyemkataza. Mtu mmoja aliuliza kwa nini wasibaki tu, si wameshafika nyumbani. Kapteni akasema haiwezekani, pasi zao za kusafiria wanazo msafara, na kisheria wao bado wako ng'ambo. Wakanywa maji ya mwisho, wakarudi kwenda kusubiri ndege.

Mama Mapacha aliingia wa mwisho. Alichukua kanga yake, akaketi kizingitini kando ya mumewe.

"Ulikaa wapi?" Mzee Sare aliuliza.

"Kwenye kiti chako."

"Na shemeji yao?"

"Wote walikuwa chumbani wanakula. Safu nzima ilikuwa tupu, Baba Mapacha, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyekuja kukikalia."

Mzee Sare aliuegemea tena mlango.

"Kizuri?"

"Kigumu," alisema mkewe. "Sponji imekwisha."