Kibuyu Kilicholia Ngomeni

Kipyegon ndiye aliyekuwa mjinga siku ile, na mwenyewe hakatai. Anachokataa ni kuambiwa alikuwa mjinga peke yake. Anasema jua la Mombasa lilimsaidia.

Binti yake Chemutai, aliyeolewa na karani wa bandarini, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na chakula kilikataa kumpita kooni. Alipiga simu duka la kijijini kwao Kaplong, huko bara, akaacha ujumbe wa neno moja: mursik. Si maziwa ya paketi. Mursik ya kwao, maziwa yaliyolala yakachachuka ndani ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Basi Kipyegon na mkewe Drusilla wakamwachia jirani shamba la chai, wakashuka pwani. Kipyegon alikuwa amekaza mfuniko wa kibuyu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, maziwa yasimwagike njiani.

"Twende kwa mtoto kwanza," Drusilla alisema walipofika. "Na ulegeze huo mpira. Huku si Kaplong, hayo maziwa yatachemka bila moto."

"Mama Chemutai, mimi nimebeba mursik kabla wewe hujajua kukamua. Tuone Fort Jesus kwanza. Tukirudi nyumbani watu wakituuliza, tutasema nini?"

"Hiyo ngome imekaa hapo miaka mia nne. Unaogopa itahama leo?"

Kipyegon alikuwa ameshapita langoni mwa ngome. Alivaa koti zito la kuchumia chai asubuhi za baridi, na kibuyu amekikumbatia ndani yake kama kuku anayeatamia. Jasho lilimtiririka, lakini koti havui ng'o. Mtu mzima atembee mjini bila koti?

Kijana mwenye kutembeza wageni akawafikisha kwenye mizinga. "Huu ukilia, mji mzima walala chini," akasema.

Kipyegon akasikia kitu kinafanya sss kwapani. Akakibana zaidi.

Paa!

Mfuniko uliruka juu ya mzinga. Wageni wawili wakajitupa chini kweli kweli. Kipyegon akabaki mweupe toka kofia hadi kidevu, na vidoa vya mkaa juu. Kibuyu kilikuwa kimepasuka vipande viwili, na paka wa ngomeni walishaanza kulamba.

"Mzee wangu," kijana akasema akijifuta jicho, "silaha hii hata Wareno hawakuwa nayo."

Kwa Chemutai waliingia mikono mitupu. Drusilla alisimulia yote, hakubakisha hata paka. Chemutai alimlaza mtoto begani. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Ni joto," Kipyegon alijitetea. "Nani angejua? Halafu huo mpira wa siku hizi ni mbaya. Na pia, tusisahau, Fort Jesus tumeiona. Mizinga, kuta, kila kitu. Hicho si kitu kidogo."

"Ni kweli, baba," Chemutai akasema, akamnyooshea kikombe. "Hebu nimiminie hiyo Fort Jesus kidogo ninywe."